Jicho la simu kwenye jani la muhogo: kazi ya uhandisi wa picha iliyoanzia Amani, Tanga

Muhogo ni zao linaloweza kumficha mkulima hasara yake kwa mwaka mzima. Mashina husimama wima, majani hubaki mabichi kiasi cha kuridhisha, na shamba likitazamwa kutoka barabarani halioneshi dosari. Siku ya kung'oa ndipo mizizi inapokatwa na kukutwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu mithili ya kizibo, isiyofaa kupikwa, kukaushwa kuwa makopa wala kupelekwa sokoni. Ugonjwa huo huitwa michirizi ya kahawia, na ukanda wa pwani ya kaskazini, kuanzia Mkinga na Muheza hadi Pangani na Bagamoyo, umeishi nao kwa vizazi kadhaa.

Katika miaka ya karibuni wahandisi wa uchakataji wa picha wamejaribu kumpa mkulima njia ya kupata tahadhari mapema kwa kutumia simu yake ya mkononi. Programu iitwayo Nuru huelekezewa jani la muhogo, hulisoma kupitia kamera, kisha hutoa jibu papo hapo bila kuhitaji intaneti. Imetengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki (IITA), Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na wadau wengine. Jambo lisilofahamika kwa wananchi wengi ni kwamba majani yaliyotumika kuifundisha mashine hiyo kazi yake yalipigwa picha Bagamoyo, na elimu ya kuutambua ugonjwa wenyewe ilianza kuandikwa katika milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Kituo cha Amani kilianzishwa mwaka 1902 na utawala wa Kijerumani kama taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilipita mikononi mwa Waingereza na baadaye kikawa kituo cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki. Hapo ndipo alipofanya kazi H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea ambaye awali alikuwa amejipatia jina kwa utafiti wake kuhusu ugonjwa wa michirizi ya mahindi. Mwaka 1936 Storey aliandika taarifa kuhusu ugonjwa wa muhogo uliokuwa katika miteremko ya Usambara, uliotofautiana na batobato iliyokwisha kujulikana. Batobato hukunja majani na kuyafanya madogo yenye mabaka ya kijani na njano, nayo huonekana kwa urahisi kwenye majani machanga ya juu. Ugonjwa aliouelezea Storey haukukunja jani. Uliacha rangi ya njano iliyosambaa taratibu kandokando ya mishipa midogo ya majani yaliyokomaa, michirizi ya kahawia kwenye shina bichi, na uozo mkavu ndani ya mzizi.

Kwa kupandikiza sehemu ya mmea mgonjwa kwenye mmea mzima, ilithibitika kwamba ugonjwa huo huambukizwa, na ukadhaniwa kuwa ni wa virusi. Ilichukua muda mrefu kuvibaini virusi vyenyewe: ni mwaka 2001 tu ambapo maabara ziliweza kuvitambua na kuviweka katika kundi lake. Leo inafahamika kuwa vipo vya aina mbili, na kwamba huenezwa na inzi weupe wadogo wanaojificha chini ya majani. Hata hivyo inzi hao hawafiki mbali kama afikavyo binadamu. Njia kuu ya ugonjwa kuvuka wilaya na mikoa ni pingili, yaani vipande vya shina ambavyo jirani humgawia jirani kwa nia njema msimu wa kupanda unapofika.

Mwenzake Storey hapo Amani, R. F. W. Nichols, alifanya kazi mbili ambazo bado zina manufaa. Ya kwanza ni kuchunguza ugonjwa ulikokuwa umeenea. Taarifa yake ya mwaka 1950 inaonesha uliishi zaidi katika maeneo ya chini ya pwani ya Afrika Mashariki. Ya pili ni kuzalisha mbegu kinzani. Alichukua muhogo wa kawaida akauchanganya na mmea wa jamii yake unaotoa utomvu wa mpira, uliokuwa umeletwa kutoka Brazili na kulimwa kwa wingi katika mashamba makubwa wakati wa Wajerumani, kabla bei ya mpira haijaporomoka mwaka 1913. Miti hiyo iliyowatia hasara wenye mashamba ikawa chanzo cha kinga kwa chakula cha wananchi. Moja ya mbegu zilizotokana na kazi ya Amani ndiyo inayojulikana nchini kama Namikonga, na katika pwani ya Kenya kama Kaleso. Watafiti wa leo bado huitumia katika kuzalisha mbegu mpya.

Elimu hiyo ya kutazama, kutofautisha na kuandika ndiyo waliyoihitaji wahandisi wa picha miaka 80 baadaye. Kamera haijui ugonjwa. Kwake jani ni jedwali la namba tu.

Picha ya simu hugawanywa katika nukta ndogondogo zinazofikia mamilioni, na kila nukta huwekewa namba tatu: kiasi cha rangi nyekundu, kijani na buluu, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255. Kazi ya mhandisi ni kubuni hesabu itakayotoa maana kutoka katika namba hizo. Njia inayotumika sana ni kupitisha kidirisha kidogo juu ya picha, nukta chache kwa wakati mmoja, na kuzidisha kila nukta kwa namba iliyopangwa kisha kujumlisha. Chukua mfano mwepesi wa nukta tatu zilizopangana, na namba za kuzidishia ziwe -1, 0 na 1. Pale ambapo jani lina rangi moja, nukta zikiwa 50, 50 na 50, jibu ni 0. Kidirisha kikifika kwenye ukingo wa baka la njano, nukta zikawa 50, 50 na 200, jibu linaruka hadi 150. Mashine imegundua ukingo bila kujua njano ni nini wala jani ni nini.

Hesabu za namna hiyo hupangwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka la kwanza hutambua kingo na rangi. Linalofuata hukusanya kingo hizo kuwa maumbo. La mbele zaidi hutambua mpangilio wa maumbo, kama vile njano inayofuata mshipa ikilinganishwa na njano iliyotawanyika kama vumbi. Namba za kuzidishia hazipangwi na mtu mmoja baada ya nyingine. Mashine hupewa picha ambayo jibu lake linajulikana, hukisia, husahihishwa, na namba zake hurekebishwa kidogo kidogo, maelfu kwa maelfu ya mara. Kwa hiyo ubora wake hutegemea mambo mawili: picha inazopewa, na ukweli wa jibu lililoandikwa pembeni ya kila picha.

Picha za kwanza zilipatikana katika mashamba ya majaribio ya IITA yaliyopo Bagamoyo. Kwa muda wa wiki nne zilipigwa picha 11,670 kwa kamera ya kawaida ya kidijitali, za aina mbalimbali za muhogo zenye umri tofauti. Wataalamu wa magonjwa ya muhogo walizipitia na kuzichuja kufuatana na walichokiona shambani, zikabaki 2,756 zenye jibu lisilo na utata. Kisha majani hayo yalikatwa kwenye picha kidole kimoja kimoja, kwa kuwa jani la muhogo lina vidole kadhaa na huenda kimoja kikawa na dalili na kingine kisiwe nayo. Hatua hiyo ilizaa picha 15,000. Makundi yaliyofundishwa yalikuwa sita: batobato, michirizi ya kahawia, madoa ya kahawia yanayosababishwa na kuvu, madhara ya utitiri wa kijani, madhara ya utitiri mwekundu, na jani zima lisilo na tatizo.

Picha 15,000 ni nyingi kwa aliyezipiga, lakini ni chache kwa mashine inayoanza bila kujua chochote. Watafiti Amanda Ramcharan, David Hughes na wenzao, akiwemo James Legg wa IITA, waliitatua changamoto hiyo kwa kuchukua mfumo uitwao Inception v3, uliokwisha kufundishwa kwa zaidi ya picha milioni moja za vitu vya kawaida kama mbwa, magari na vikombe, wakaufundisha upya sehemu ya mwisho tu. Fundi cherehani aliyezoea kushona mashati hahitaji kufundishwa tena kutia uzi sindanoni anapoanza kushona kanzu. Macho na mikono yake vimekwisha kuzoea kitambaa. Vivyo hivyo mfumo uliokwisha kujua kingo, rangi na maumbo huhitaji mifano michache tu ili kuijua michirizi ya kahawia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha usahihi wa jumla wa asilimia 93 kwa picha ambazo mfumo haukuwahi kuziona.

Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa nyepesi mno. Mfumo wa awali ulikuwa mzito, na mkulima haendi shambani na kompyuta. Wahandisi walihamia kwenye muundo mwepesi uitwao MobileNet, uliobuniwa kwa ajili ya simu, na wakaiwezesha programu kuchora kisanduku kuzunguka dalili ndani ya picha badala ya kutoa jina la ugonjwa peke yake. Walipoijaribu kwenye shamba halisi hapa nchini, kwa vidole 720 vya majani yaliyougua, kiwango cha ufanisi kilishuka. Hata kwenye dalili zilizo wazi kabisa, kipimo kinachounganisha usahihi wa majibu na uwezo wa kutopitwa na wagonjwa kilipungua kwa asilimia 32. Kosa kubwa lilikuwa la kupitwa: jani lina ugonjwa, simu haioni. Dalili hafifu zilikuwa ngumu zaidi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Picha za mafunzo zilikuwa zimekatwa vizuri, jani likiwa katikati. Shambani majani hufunikana, upepo wa kusi huyatikisa, jua la saa sita hung'arisha upande mmoja na kuacha upande wa pili kivulini. Kwa jicho la mkulima kivuli ni kivuli; kwa mashine ni namba zilizobadilika. Inafaa kuwapongeza watafiti hao kwa kuchapisha anguko hilo mwaka 2019 kwa uwazi uleule waliochapishia mafanikio, kwani matangazo mengi ya teknolojia mpya hukomea kwenye asilimia ya kwanza, ile ya maabara.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi kwa wananchi. Utafiti ulioongozwa na Latifa Mrisho wa IITA, uliochapishwa mwaka 2020, uliilinganisha Nuru na binadamu: wataalamu wa muhogo, maafisa ugani na wakulima wa Afrika Mashariki. Nuru ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya asilimia 18 na 31. Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Afisa ugani wa kata hushughulikia mazao mengi kwa wakati mmoja, na hatarajiwi kuwa bingwa wa virusi vya muhogo. Mkulima naye ugonjwa huu humfikia kupitia mzizi. Jani halikuwahi kumwonya, na kumpima kwa jani ni kumuuliza swali ambalo shamba halijawahi kumfundisha. Asilimia 65 nayo ina maana kwamba katika kila majani 100, takriban 35 yangepewa jibu lisilo sahihi.

Katika utafiti huohuo ndipo ilipopatikana njia rahisi ya kuongeza uhakika. Mtumiaji alipopima majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Ugonjwa haugawanyiki sawasawa katika mmea. Batobato hutafutwa kwenye majani machanga ya juu, ilhali michirizi ya kahawia hutafutwa kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Mkulima anayepiga picha jani moja la kileleni na kuambiwa mmea ni mzima hajaulizia michirizi ya kahawia hata kidogo. Isitoshe, wakati wa kiangazi majani ya chini hupukutika, na ushahidi hudondoka pamoja nayo. Ukaguzi unafaa kufanywa wakati mmea bado una majani yake ya chini.

Kipo kikwazo kingine ambacho hakuna kamera inayoweza kukivuka. Mmea unaweza kubeba virusi bila kuonesha dalili kwenye jani, na kinyume chake, zipo mbegu zinazostahimili, kama Kiroba, ambazo majani yake huweza kuonesha michirizi huku mizizi ikiendelea kufaa kwa muda. Jibu la uhakika hutolewa na kipimo cha vinasaba katika maabara, kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) iliyopo Mikocheni, Dar es Salaam. Simu hutoa fununu yenye thamani, haitoi cheti.

Fani hii imekwisha kupata wahandisi wa Kitanzania. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, Dkt. Dina Machuve na wenzake walikusanya picha za vinyesi vya kuku kutoka kwa wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro, wakaifundisha mashine kutambua kuhara damu, homa ya matumbo ya kuku na kideri. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022. Dkt. Neema Mduma wa taasisi hiyohiyo ameongoza ukusanyaji wa picha za migomba na mahindi, zikiwemo za ugonjwa wa michirizi ya mahindi, uleule uliomshughulisha Storey. Kwa jirani zetu wa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilikusanya picha za muhogo kutoka kwa wakulima na kuzitoa hadharani ili wahandisi wa dunia nzima washindane kutengeneza mfumo bora. Anayedhani kazi ya wahandisi hao ni kuandika programu muda wote amekosea. Sehemu kubwa ya jasho lao hutoka katika kutembea mashambani na mabandani, kupiga picha, na kubishana na wataalamu juu ya jina sahihi la kila moja.

Kwa upande wa sheria, pingili za muhogo zinazouzwa kama mbegu husimamiwa na Taasisi ya Uthibitisho wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), iliyoundwa chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Wakaguzi wake huingia shambani kuangalia dalili kabla shamba halijaruhusiwa kutoa mbegu. Masuala ya visumbufu vya mimea na karantini yapo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Jibu la simu halichukui nafasi ya ukaguzi wa taasisi hizo, na mwenye shamba la mbegu hawezi kulitumia kama uthibitisho mbele ya mnunuzi.

Pale inapofaa zaidi ni kwa mkulima anayetaka kuchagua mashina ya kukatia pingili katika shamba lake mwenyewe, au anayegawiwa mashina na jirani. Kagua shamba likiwa bado limesimama, kabla ya kukata. Pima mmea mmoja kwa majani sita, ya juu na ya chini, ukilikinga jani na jua kali kwa mwili wako ili mwanga uwe sawa. Chunguza pia shina bichi kwa macho, kwa kuwa michirizi ya kahawia huonekana hapo. Unapovuna, kata mizizi michache ya kila mmea uliokusudia kuuchukulia mbegu. Mabaka ya kahawia yakionekana, mashina ya mmea huo yasipandwe wala kugawiwa mtu, hata kama simu ilisema ni mzima. Mimea michanga yenye dalili ing'olewe na kuondolewa shambani mapema. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya virusi ndani ya mmea, na fedha inayotumika kununua dawa ya namna hiyo hupotea bure.

Mbegu zinazostahimili ugonjwa, zikiwemo Chereko, Kipusa na Mkuranga 1, huulizwa kwa afisa ugani wa kata au kituo cha TARI kilicho karibu. Kwa wakazi wa Tanga kituo hicho ni Mlingano, wilayani Muheza, chini ya milima ileile ya Amani.